Saratani ya Umio Yangoja Watafiti wa Kwetu

Mgonjwa wa saratani ya umio huanza kwa kulalamika kwamba ugali unamkwama. Hunywa maji, tonge likashuka, na jambo lenyewe likasahauliwa. Baada ya majuma machache huacha nyama, kisha huacha ugali akala wali uliorojeka, kisha hubaki na uji peke yake. Na siku ile ambapo hata uji unarudi ndipo anapopelekwa hospitali, akiwa amekonda mno. Daktari ampimaye kwa mpira wenye taa huona uvimbe ambao umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia ya chakula. Kwa wengi wa wagonjwa hao tiba ya kuuondoa ugonjwa haiwezekani tena. Kinachowezekana ni kuipanua njia ili mtu aweze kumeza, na kumpunguzia maumivu. Wengi wao hawaumalizi mwaka.

Hoja ninayotaka kuitoa mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma jarida hili ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Saratani ya umio ni ngumu kutibika, na haitoshi kukaa tukingojea dawa kutoka ng'ambo. Panahitajika utafiti wa chanzo chake na wa njia za kuigundua mapema, na utafiti huo hauna budi kufanywa mahali ugonjwa ulipo, yaani huku kwetu, na watu ambao watakuwa bado wako huku matokeo yatakapopatikana.

Kwanza tuutazame ugumu wenyewe, kwa kuwa watu wengi hudhani saratani zote ni moja. Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linalopita nyuma ya bomba la hewa, mbele ya uti wa mgongo, karibu kabisa na mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Kazi yake yataka uwe wa kunyumbuka. Na kunyumbuka huko, ambako ni neema kwa mlaji, ndiko kunakouficha ugonjwa, maana uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu bila mtu kuhisi kizuizi. Tena sehemu kubwa ya umio haina ule utando laini wa nje unaoyafunika matumbo. Seli za saratani zikishapenya ukuta wake hujikuta zimefika mlangoni mwa mapafu na mishipa mikubwa, na vijishipa vya limfu vilivyo tele ukutani humo huzichukua mapema kwenda mbali. Mpasuaji anayetaka kuukata umio hulazimika mara nyingi kufungua kifua pamoja na tumbo, kisha kulivuta tumbo la chakula juu lishike nafasi ya kile kilichoondolewa. Hiyo ni operesheni kubwa hata katika hospitali iliyokamilika kwa kila kitu.

Haina maana kwamba tiba haijasonga mbele. Mwaka 2012 madaktari wa Uholanzi walitangaza kwamba wagonjwa waliopewa dawa na mionzi kabla ya upasuaji waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliopasuliwa tu. Dawa za kuamsha kinga ya mwili nazo zimeingia katika tiba ya saratani hii katika nchi tajiri. Lakini upasuaji humfaa aliyewahi, na dawa hizo mpya humfaa anayeweza kuzilipia. Mgonjwa wetu wa uji hayumo katika mafungu hayo mawili. Kwake yeye msaada mkubwa ni kijibomba cha nyavu za chuma kinachowekwa ndani ya umio na kutanuka chenyewe, kama kile ambacho hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, imewatilia mamia ya wagonjwa. Mtu aliyekuwa hamezi mate huweza kula tena. Kijibomba hicho chastahili sifa zote, ila hakimponyi mtu.

Hesabu za dunia nzima zasema hivyo hivyo. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu 511,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya umio, na watu 445,000 walikufa kwayo. Mwanafunzi akizigawanya namba hizo ataona kwamba kwa kila wagonjwa wapya 100 palikuwa na vifo 87. Si watu wale wale, kwa sababu aliyekufa mwaka huo huenda aligunduliwa mwaka uliotangulia, lakini uwiano huo watosha kutuonyesha ni ugonjwa wa namna gani.

Sasa tufungue ramani. Kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, mpaka jimbo la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, upo ukanda ambamo saratani hii huonekana kwa wingi usio wa kawaida. Ukivuka kwenda Afrika Magharibi huwa nadra. Jambo la kustaajabisha zaidi ni umri wa wagonjwa. Mahali pengi duniani huu ni ugonjwa wa wazee. Lakini mwaka 2002 madaktari wa Bomet walitoa taarifa kwamba miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo vijana wasiozidi miaka 30, na hawakuwa wachache. Kwa nini? Mpaka leo hakuna aliyelijibu swali hilo kikamilifu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao kwamba nchi zenye malaria, kifua kikuu na upungufu wa madaktari hazina haja ya kujitia katika utafiti wa saratani, bali ziwaachie wenye fedha. Hoja yao si ya kipuuzi. Shilingi inayonunua darubini ni shilingi ambayo haikununua chandarua. Hata hivyo wanasahau kwamba wenye fedha hawauguzi ugonjwa huu wetu. Saratani ya umio ina aina mbili kubwa. Ile iliyoenea sana Marekani na Ulaya ya Magharibi hutokana na seli za tezi, hushika sehemu ya chini ya umio, na huhusiana na unene wa mwili na kiungulia cha miaka mingi. Ile ya kwetu hutokana na seli bapa zinazoufunika umio kwa ndani. Aina hii ya pili inapotokea Ulaya, tumbaku na pombe kali huieleza kwa sehemu kubwa. Huku kwetu pombe ina sehemu yake, na utafiti wa magharibi ya Kenya umeonyesha hivyo hasa kwa wanaume. Lakini wako wagonjwa wengi, wanawake kwa wanaume, ambao hawakupata kuonja pombe wala kuvuta sigara. Maabara ya Ulaya hata ikiwa bora namna gani haiwezi kutafuta kitu kilichomo katika jiko la Bomet au la Moshi kama hakuna mtu aliyekwenda kutazama katika jiko hilo.

Isitoshe, Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha mara moja kwamba yaweza kuwafundisha wengine kuhusu saratani. Kisa chenyewe kinajulikana kwa madaktari, lakini sina hakika kama hufundishwa katika shule zetu, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu kidogo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya muda akaona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza kuhusu uvimbe huo ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa jiografia angeweza kuliuliza: uvimbe huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari kwa motokaa kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Walikwenda kiasi cha maili 10,000 katika majuma kumi, wakisimama kwenye hospitali na kuwaonyesha madaktari picha za watoto wagonjwa. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua, na kwamba ulitoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Ni ramani ile ile ya malaria. Visiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu, uvimbe huo ulikuwa nadra ingawa joto na mvua vilikuwapo.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi aitwaye Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa London kwa ndege kutoka Uganda. Siku moja mwishoni mwa mwaka 1963 ukungu uliifanya ndege itue Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamefifia kama yaliyoingiwa na bakteria, na ilikuwa karibu yatupwe. Epstein akayatazama kwanza kwa darubini, akakuta ni seli za uvimbe zimeachana na kuelea zikiwa hai. Kutokana na seli zilizokuzwa kwa njia hiyo, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona mwaka 1964 kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Wakati huo huo madaktari wa Kampala na Nairobi waligundua kwamba uvimbe uliokuwa ukiua katika muda wa miezi michache uliyeyuka kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliundwa mwaka 1967 kutokana na kazi hiyo, na katika miaka migumu ya 1970, wataalamu wa kigeni walipoondoka, Dk. Charles Olweny na wenzake Waganda waliiendesha.

Simulizi hii hupendwa kwa sababu inaisha vizuri, lakini ina sehemu nyingine ambayo mimi naiona yenye mafunzo makubwa zaidi. Ikiwa malaria inasaidia kuleta uvimbe huo, je, kuipunguza malaria kutaupunguza uvimbe? Swali hilo lilipelekwa Tanzania, wilaya ya Mara Kaskazini. Kuanzia 1977 mpaka 1982 watoto wadogo wa wilaya hiyo waligawiwa vidonge vya klorokwini kwa mpango, huku wagonjwa wote wa uvimbe wakiandikishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Idadi ya wagonjwa ilipungua wakati wa ugawaji, kisha ikapanda tena. Lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya kidonge cha kwanza kutolewa, na vimelea vya malaria vilikuwa vimeanza kuizoea dawa. Kwa hiyo watafiti hawakuweza kusema kwamba wamethibitisha. Waliandika hivyo. Ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha tano aisome habari hiyo kabla ya kuisoma ile ya ukungu wa Manchester, maana utafiti mwingi hufanana nayo: miaka mingi, maelfu ya vidonge, daftari zilizotunzwa vizuri, na jibu lisilotimia.

Saratani ya umio imo katika hali kama hiyo ya jibu lisilotimia. Watuhumiwa ni wengi. Wa kwanza ni chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitamka kwamba kunywa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za sentigredi huenda kukasababisha saratani ya umio. Ubaya haumo katika majani ya chai. Umo katika joto lenyewe, linalouunguza umio siku baada ya siku. Watafiti waliokwenda mkoani Kilimanjaro na kupima chai za wanavijiji walikuta kwamba kwa wastani watu walianza kunywa ikiwa na nyuzi zaidi ya 70. Waliona pia kwamba chai ya rangi hupoa upesi kuliko chai ya maziwa. Huko Eldoret, Moshi na Blantyre wagonjwa wamelinganishwa na watu wazima wasio na ugonjwa, na mazoea ya kunywa vitu vya moto sana, moshi wa jikoni, hali ya meno na mengineyo vimechunguzwa. Baadhi ya mambo hayo yameonekana kuandamana na ugonjwa. Mwalimu wa sayansi hana haja ya kukumbushwa kwamba kuandamana si kusababisha.

Kisha ulikuja utafiti mkubwa wa mwaka 2021. Wanasayansi walisoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi, katika vivimbe 552 vya umio kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwamo. Walikuwa wakitafuta nyayo. Moshi wa sigara huacha nyayo zake katika seli za pafu, na miale ya jua huacha zake katika seli za ngozi. Basi ilitazamiwa kwamba kitu kinachoiletea Kenya au Iran wagonjwa wengi kingekuwa kimeacha nyayo ambazo hazionekani Uingereza. Nyayo hizo hazikuonekana. Vivimbe vya nchi zenye wagonjwa wengi vilifanana sana na vya nchi zenye wagonjwa wachache.

Wako watakaosema basi njia imefungwa. Mimi nauona utafiti huo kuwa ni kibali cha kurudi vijijini. Ikiwa mkosaji hakuandika jina lake katika seli, yawezekana anafanya kazi kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kuijeruhi ngozi ya ndani ya umio na kuilazimisha ijijenge upya mara kwa mara, jambo ambalo joto lingeweza kulifanya. Hilo halitajulikana kwa mashine peke yake, hata iwe ya thamani gani. Litajulikana kwa kuwafuata watu wengi kwa miaka mingi, wakiwa wazima, na kuandika wanachokula, wanachokunywa na wanachopikia, kabla hatujui nani ataugua.

China walifanya hivyo. Katika wilaya ya Linxian, ambako saratani hii ilikuwa nyingi kupita kiasi, watafiti walikuta kwamba hata kuku wa wenyeji walikuwa na saratani ya koo, ishara kwamba chanzo kilikuwa katika mazingira waliyoshirikiana kuku na watu. Watu karibu 30,000 wa huko walipewa vitamini na madini kwa majaribio kuanzia 1986 mpaka 1991. Vifo kwa jumla vilipungua kidogo, hasa vya saratani ya tumbo, lakini vile vya umio havikupungua kwa namna ya kuridhisha. Hawakufunga daftari. Miongo kadhaa kabla ya hapo daktari mmoja wa Kichina, Shen Qiong, alikuwa amebuni kijiputo cha kumezwa kinachokwangua seli za umio kinapovutwa, ili zitazamwe kwa darubini kabla mtu hajaanza kukwamwa na chakula. Siku hizi kuna kidonge chenye sifongo kilichofungwa uzi kinachofanya kazi hiyo hiyo, na watafiti wamekwisha kukijaribu katika jamii nchini Tanzania na kuona kwamba watu hukikubali. Hapo ndipo ningependa kuona fedha zikienda. Mpira wenye taa hauwezi kufika kila zahanati. Sifongo yenye uzi yaweza, mradi kuwe na mtu wa kuzisoma seli zitakazotoka, na watu hao tunao wachache mno.

Niseme pia jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Utafiti mwingi uliofanywa katika ukanda huu umelipiwa na kuongozwa kutoka nje. Siwalaumu wageni, kwani bila wao tungejua machache zaidi. Lakini mradi wa miaka mitatu huisha baada ya miaka mitatu. Karani aliyefunzwa kuandikisha wagonjwa hutafuta kazi nyingine, jokofu la sampuli huzimika, na daftari lililoanza kutoa sura ya ugonjwa hukatika mahali ambapo lingeanza kuwa na maana. Ukanda wenye ugonjwa wa kuua vijana unastahili daftari lisilokatika, lililo katika bajeti ya serikali kama zilivyo mishahara ya walimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine moja ya mionzi. Burkitt alianza na kumbukumbu za hospitali na picha mkononi. Angekuta kumbukumbu hizo zimetupwa, asingechora ramani yoyote.

Walimu wa fizikia na baiolojia waweza kuanza wasingoje bajeti hiyo. Themometa ya maabara, ile ya pombe wala si ya zebaki, ikitiwa katika kikombe cha chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka katika chupa, na nyingine katika chai ya rangi, itawapa wanafunzi grafu mbili za kupoa kwa dakika ishirini. Waandike ni dakika ya ngapi kila kikombe kilishuka chini ya nyuzi 65. Kisha kila mwanafunzi aende likizo na swali la kuuliza nyumbani: baba, mama na bibi huanza kunywa dakika ya ngapi?